Mgeni asiyepewa jembe

Mwaijua mithali hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani kwamba inamfukuza mgeni. Mimi sioni hivyo. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe ameanza kuhesabiwa pamoja na wenyeji, na kuna kazi ambayo sasa wanamtazamia yeye. Jambo hili nililifahamu mbali na kwetu, katika Bruges, mji wa kale wa Ubelgiji, ambako nilitembea siku tatu peke yangu, shanta mgongoni.

Nilikuwa mwanafunzi katika inchi hiyo, na likizo ilikuwa imefika. Wenzangu walitaka twende pamoja, nikakataa. Nilitaka kuamka nipendapo, kula nipendapo, na kusimama mbele ya kitu kizuri bila mtu kunivuta mkono. Je, ni vibaya? Si vibaya. Bwana Yezu naye alipanda mlimani peke yake. Lakini alipanda kusali. Kuna upweke wa kusikiliza, na kuna upweke wa kutotaka kudaiwa na mtu. Nikisema kweli, wangu ulikuwa huu wa pili.

Mji wenyewe ni mzuri ajabu. Zamani wafanya biashara wa Italia, Hispania, Uingereza na Ujerumani walikutana pale. Kisha njia ya maji iliyouunganisha na bahari, iitwayo Zwin, ikajaa mchanga, na biashara ikahamia Antwerpen. Watu wa Bruges wakawa maskini, na maskini habomoi nyumba ya babu yake ili ajenge mpya. Kwa hiyo nyumba za kale zikabaki, na leo wageni wanatoka mbali kuzitazama. Sisi tunastarehe kwa sababu ya umaskini wa watu waliokufa zamani. Sijui kama wengi hulifikiri hilo. Nilipanda ngazi 366 za mnara wa kengele, nikauona mji wote chini yangu, mapaa mekundu na mifereji. Niliona kila nyumba, wala sikumjua hata mtu mmoja ndani yake.

Karibu na kanisa la Mama Maria iko hospitali ya Mtakatifu Yoane, iliyoanzishwa katika karne ya 12. Neno lenyewe hospitali linatoka katika neno la Kilatini la mgeni na mwenyeji wake. Humo walipokelewa wagonjwa, na pia wasafiri na mahujaji. Leo ni nyumba ya makumbusho. Nami nililipa kiingilio ili nione mahali palipojengwa kumpokea msafiri maskini! Ndani yake limewekwa sanduku la masalia ya Mtakatifu Ursula, lililopakwa picha na Hans Memling, likamalizika mwaka 1489. Picha zake zinaonyesha safari ya Ursula kwenda Roma na kurudi Köln. Hayuko peke yake katika safari ile. Wenzake wanajaa mashua.

Mimi nililala wapi? Nililipa kwa simu, nikatumiwa namba za kufungulia mlango, nikaingia chumba cha vitanda vinane. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Silalamiki, maana ndivyo nilivyotaka. Fedha ina nguvu hiyo: inamaliza maneno. Mwenye nyumba hanidai, nami simdai.

Jioni ya pili mvua ilinyesha. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi kando ya mfereji, amelowa, bila kofia. Aliniambia neno kwa Kiflamandi. Nikatabasamu, nikapita. Nilijiambia: si mji wangu, wenyeji wake watamwona.

Wengine watanitetea: hukujua lugha. Kweli, lakini mzee aliyelowa anaeleweka bila lugha. Usiku ule nilikumbuka Evanjili ya Msamaria, na neno moja ambalo sikuwa nimelitia moyoni: Msamaria alikuwa safarini. Alikuwa mgeni katika inchi ile, tena wa watu waliodharauliwa. Angeweza kusema kama mimi. Naye pia alitoa fedha kwa mwenye nyumba ya wageni, dinari mbili, lakini fedha yake haikumaliza maneno; aliahidi kurudi na kulipa zaidi. Basi si fedha iliyonikosesha, wala si upweke wa safari. Nilikuwa nimejipa ruhusa ya kuwa mgeni wa siku ya kwanza daima.

Asubuhi ya tatu nilisali Misa katika kanisa dogo. Ilipokwisha, mama mmoja mzee alianza kusukuma viti. Alinitazama, akalitazama shanta langu, akanionyesha kidole pembeni: liweke pale. Tukapanga viti karibu nusu saa. Safu yangu moja ilipinda, akanigombeza kwa Kiflamandi, nami nikafurahi kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Treni yangu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Nikingoja nyingine, nilirudi kando ya ule mfereji. Wageni walikuwa wengi, wakipiga picha za daraja. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu.