Deni la Akaaye Juu ya Mto

Yafaa tulipime swali hili: je, mtu hudaiwa kwa madhara asiyoyakusudia, wala asiyoyaona kwa macho yake?

Tuanze na jambo lililo wazi. Mtu hutwanga majani ya utupa, akayatia dimbwini apate samaki. Sumu haichagui, samaki mkubwa hufa, na kifaranga asiyefikia urefu wa ukucha hufa pia. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu, na kila mwenye akili aiona haki yake, maana mtu huyu alijua alitendalo.

Sasa tumtazame mtu wa pili. Mkulima wa Kilimanjaro humenya kahawa mbivu na kuiosha. Maji yale yana sukari ya tunda. Yakimwagwa mtoni, vijidudu visivyoonekana huila sukari hiyo, na katika kuila huimaliza hewa iliyomo majini. Samaki mkubwa aweza kukimbia, lakini yai na kifaranga watakwenda wapi? Mito Kikafu na Weruweru huingia Kikuletwa, nao Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi hutafuta riziki. Mkulima yule hamchukii mvuvi, wala hamjui.

Mtu wa tatu ni mimi nawe, tunywao chai na kahawa. Ndani yake mna kafeini, ambayo mbuni huitumia kujikinga na wadudu. Mwili hauimalizi yote. Nyingine hutoka pamoja na mkojo. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza habari za mito 258 katika nchi 104: kafeini ilionekana katika zaidi ya nusu ya mahali walipopima. Tena katika maabara, vifaranga vya samaki vilivyotiwa katika kafeini nyingi huogelea kwa shida, na vikiguswa havishtuki upesi. Kiumbe mdogo asiyeshtuka ni chakula cha adui zake. Ni kweli kwamba kafeini ya mitoni kwa kawaida ni kidogo mno kuliko ile ya maabara.

Pengine mtu atasema, "Basi hapana neno. Nisilolijua halinihukumu, na kikombe changu kimoja hakiharibu mto." Maneno hayo ni kweli nusu. Asiyejua hana hatia sawa na mtia utupa. Lakini kutojua ni udhuru wa muda. Mtu akiisha kuambiwa, udhuru wake umekwisha. Na habari ya kikombe kimoja, watu elfu husema hivyo hivyo, navyo vikombe ni elfu. Tena hasara ya samaki mchanga haionekani leo. Huonekana baadaye, wavu urudipo mtupu, na siku hiyo hapatikani wa kushitakiwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi wa Mgori tunalo la kujifunza karibu. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilipokea ulinzi wa Msitu wa Mgori, zaidi ya hekta 40,000. Havikungoja mti wa mwisho uanguke ndipo viweke walinzi. Je, maji yastahili uangalizi mdogo kuliko miti? Ziwa Singidani halina mto utokao. Jua huyapandisha maji, lakini kilichoingia pamoja nayo hubaki. Aishiye katika nchi ya namna hii hawezi kusema uchafu wake umekwenda mbali.

Kunywa kahawa si kosa, wala kuilima. Ila deni lipo, nalo hulipwa kwa jembe: choo kichimbwe mbali na kijito, maji ya kuoshea kahawa yaende shimoni, maganda yaozeshwe yawe mbolea. Ni kazi ya siku chache. Anayeifanya hatashukuriwa na mvuvi asiyemjua, wala na kifaranga. Naye aifanye vivyo hivyo, kwa kuwa ni haki yao.