Shule ya Bure na Deni la Mwalimu

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare kuna swali moja linaloulizwa sana tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019, na bado hatujasikia jibu linalotosha. Mwaka ule Serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi ya bure katika shule za umma, kama Katiba ya 2006 ilivyokwisha kuandika katika kifungu cha 43. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katika shule nyingi za huku kwetu kulikuwa na walimu wasiokuwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, wale tunaowaita "N.P." na "N.U." Hao walikuwa wanakula kwa primu ya wazazi. Primu ilipokatazwa, wakabaki na chaki mkononi. Tangu hapo wengine wameingizwa kwenye orodha, wengine wanangoja hata leo. Basi, kijiji kina deni kwa mwalimu huyo ao hakina?

Wako wanaojibu haraka: hakina. Sheria imesema bure, basi ni bure, anayedai aende kudai Serikali. Wako wanaojibu haraka vilevile: kinalo, tena mzazi asiyetoa kitu, mtoto wake abaki nyumbani. Sisi tunaona majibu yote mawili yamekosea, na tutajaribu kusema kwa nini kwa kupitia desturi zetu, maana kitabu hiki ni cha desturi.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili "bure" ina sura mbili. Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Lakini mtu akisema "nimetembea bure", maana yake alikwenda na hakupata kitu. Wakubwa wa Kinshasa walitangaza jambo hili kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa hawakupata shida hiyo. Sisi tunaolisikia kwa Kiswahili tunasikia sauti zote mbili pamoja. Pale darasa lilipojaa watoto kupita viti vyake, na mwalimu anakuja siku tatu kwa juma kwa sababu siku zingine anapalilia mpunga wake, mzazi anayeuliza kama watoto wanasoma bure ao wanasomea bure hatuwezi kumcheka.

Primu yenyewe haikuwa desturi, ijapokuwa vijana wetu wanadhani ilikuwako tangu mababu. Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizichukua shule za dini. Mwaka 1977 ikarudisha uongozi wake kwa mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, kisha na Waislamu. Mshahara ulibaki kazi ya Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara ule ulikuwa umekwisha kuwa si kitu, walimu wakagoma, na wazazi wakakubali kuwaongezea kidogo ili watoto wasipoteze miaka. Ilikuwa dawa ya siku chache. Ikadumu karibu miaka 30, na katika miaka hiyo sehemu ya franka zile haikubaki kwa mwalimu: ilipanda ngazi, ofisi kwa ofisi. Kwa hiyo anayesema kwamba kuondoa primu ni kuvunja heshima ya mwalimu, hajauliza primu ilikuwa inalala wapi.

Desturi ya kweli ni ya zamani kuliko primu. Mzee aliyempeleka mtoto wake kwa mwalimu wa Korani hakuuliza "ni ngapi?" Mtoto alipeleka kuni na maji, siku za kulima wanafunzi waliingia shamba la mwalimu, na siku mtoto alipohitimu, wazazi walipeleka kuku, ao mbuzi kama wanaye. Mtoto wa maskini alileta kuni tu, na alisomea ubao uleule. Misheni zilipokuja, wakatekista wa vijijini nao walilishwa na watu wa pale walipofundisha. (Hatusemi kwamba zamani yote ilikuwa nzuri. Wako watoto waliolima kuliko walivyosoma, na fimbo ilikuwa nyingi.) Neno tunalotaka kulishika ni hili: deni lilikuwako, kila mtu alilijua, lakini halikuwa bei, na halikudaiwa mlangoni mwa darasa.

Hapa njo tunapoachana na wale wa jibu la pili. Kasongo ni mji uliojua bei ya mtu. Kabla Dhanis na askari wake hawajauchukua mwaka 1893 mikononi mwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, watu walipita hapa wamefungwa kamba, wakienda mbali. Na mbali na vita na minyororo kulikuwa na njia nyingine, ya polepole: rehani. Mkubwa ana deni, anamtoa mtoto wa jamaa akae kwa mwenye mali mpaka deni lilipwe. Deni lisipolipwa, mtoto harudi. Neno "muungwana", ambalo huku Maniema tunalipenda hata tukaita lugha yetu Kingwana, maana yake ya kwanza ni mtu asiye mtumwa. Sasa mtoto wa miaka minane anayesimamishwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani mpaka baba yake alete makuta, amefanywa nini kama si rehani? Yeye hakukopa. Hana shamba, hana kuku. Deni limeshika mtu asiyelijua, kwa sababu yeye ni rahisi kumshika kuliko baba yake. Tunajua kwamba sheria inakataza jambo hilo. Tunalosema sisi ni kwamba hata sheria isingekataza, uungwana ungekataza. Na katika shule za sekondari, ambako malipo yanaendelea, uungwana huo unatuuliza vilevile.

Direkta wa shule atatujibu: "Ninyi munaandika vitabu, mimi nina walimu wanne ambao hawajala." Ni kweli. Kwa hiyo tunawageukia wale wa jibu la kwanza.

Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, Serikali ya Kinshasa ilikuwa ng'ambo ya mstari wa vita. Wako walimu waliobaki. Walifundisha katika vyumba vya udongo na manyasi, wakakimbilia porini pamoja na watoto walewale, wakarudi, wakaanza tena kwenye ukurasa walipoachia. Watu wazima wengi wanaosoma maneno haya walifundishwa nao. Hakuna tangazo la Serikali linaloweza kufuta deni hilo, maana Serikali haikuwa mwenye kudai wala mwenye kudaiwa: lilikuwa kati ya mwalimu na sisi. Mwalimu N.U. wa leo yuko katika njia ileile. Sheria imetukataza kumtoza mtoto. Haikutukataza kumjua mwalimu.

Wanasema: "Tukimlisha, Serikali italala." Hofu hiyo si ya kijinga, miaka 30 imeitetea. Lakini jirani anayemlisha mtoto wa mwenzake hamwondolei baba ubaba wake. Anamlisha, na kesho yake anakwenda kwa baba kumwambia ukweli. Komite ya wazazi inaweza kufanya yote mawili: kuulizia majina ya walimu wake kule kunakotengenezwa orodha, mwaka kwa mwaka bila kuchoka, na palepale kulima kipande cha mpunga kwa ajili ya mwalimu. Mpunga tunao, tangu wakati wa Waarabu nchi hii inaulima. Siku moja ya salongo wakati wa kupanda na moja wakati wa kuvuna haiui mtu. Wamama wanaocheza likilimba wanajua kazi hii kutushinda wababa.

Na anayekataa kutoa mkono? Aulizwe yeye mwenyewe, katika baraza la sultani, msikitini, kanisani, mbele ya watu wazima wenzake. Aone haya yeye, mtoto abaki darasani.

Iko hatari, hatutaificha. Zawadi inajua kugeuka kodi. Mwaka wa kwanza inaitwa moyo wa kupenda, mwaka wa pili inaandikwa daftarini, mwaka wa tatu asiyetoa anasomewa jina. Primu yenyewe ilianza hivyohivyo. Kipimo chetu ni kimoja: siku ya mtihani, mtoto wa maskini kuliko wote kijijini ameketi na kalamu yake na hakuna aliyemuuliza kitu? Kama ndiyo, ule mpunga ni shukrani. Kama hapana, ni primu iliyobadilisha nguo.

Linabaki jambo la Kabambare. Upande wa Salamabila na Namoya dhahabu inaita, na vita vya makundi vimekwisha kukimbiza vijiji vizima. Mwalimu asiyelipwa anaona wanafunzi wake wakubwa wanashuka mashimoni na kurudi na makuta ambayo yeye hayapati kwa muhula mzima. Siku moja naye anashuka. Watu wanamwita mtoro. Kama kijiji kililima shamba lake na yeye akaondoka tu, labda neno hilo linamfaa. Lakini kama hakuna aliyempelekea hata kipimo cha mchele tangu 2019, sisi hatuoni ni nani mwenye haki ya kulitamka. Akirudi mwezi wa tisa na mikono yake ya udongo, apewe chaki.