Alilisikia la mkuu

Tasnifu ya udaktari ya Cecilia Payne, iliyochapishwa mwaka 1925, ina jedwali linaloonyesha nyota zimeumbwa na nini. Kisha ina maneno yake mwenyewe yanayolikana jedwali hilo.

Payne alitoka Cambridge, Uingereza, enzi ambazo chuo hicho kiliwafundisha wanawake lakini hakikuwapa shahada. Mwaka 1923 akahamia Harvard, Marekani, kwenye hazina ya vioo vya picha ambamo mwanga wa kila nyota umetandazwa kama utepe wenye mistari. Kwa kanuni ya Mhindi Meghnad Saha, alionyesha kuwa unene wa mistari ile hautegemei wingi wa kitu tu. Joto la nyota nalo lina mkono wake. Alipopiga hesabu upya, haidrojeni ikatokea kuzidi metali karibu mara milioni. Wakati huo wataalamu waliamini jua lina mchanganyiko uleule wa dunia, chuma na vinginevyo.

Henry Norris Russell wa Princeton, bingwa wa fani hiyo, akamwandikia kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa. Payne, mwenye miaka 24, akaandika kuwa matokeo hayo karibu kwa hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, akafika palepale. Alimtaja Payne, ndiyo, lakini kwa miaka mingi sifa zilikwenda kwa Russell.

Simlaumu sana Russell; alihukumu kwa elimu ya siku zake. Kinachoniuma ni kwamba namba zilibaki jedwalini, zimenyooka, na mwenye nazo akazikana. Sisi tumekuzwa na onyo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia, na guu likavunjika vilevile. Uzeeni alijilaumu mwenyewe kwa kutosimama na alichokiamini.

Na vyuoni kwetu? Mwanafunzi anaitikia, "Sawa, mwalimu," anarudi kufuta safu nzima, maana bila saini ya msimamizi hahitimu. Mhasibu naye ofisini anajua bosi anataka kusoma nini. Tunaita adabu. Mimi naona shikamoo ni haki ya mtu mzima, lakini hesabu haina umri.

Basi wewe msimamizi, kijana akikuletea namba usiyoitarajia, muulize kwanza ameipataje, ndipo umwambie haiwezekani.