Nyumba Mbili za Kurudia

Mwanamke aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa Tanganyika akaolewa milimani hujua kulia mara mbili. Akiwa kwa mume wake, hutamani ndagala wa kwao. Akishuka kumwamkia mama yake, siku ya tatu huanza kuuliza habari za maharagwe aliyoyaacha shambani. Hakuna amwitaye mwongo kwa sababu hiyo. Watu husema tu kwamba ana nyumba mbili za kurudia.

Lakini huyo aliitwa kwa mahari, na wazee wa pande mbili walikubaliana. Je, yule aliyeondoka kwao kwa hiari yake ili awatumikie watu asiowajua, akakaa kwao miaka 2, kisha akarudi: upendo wake ni wa namna gani? Aliwapenda kweli, au aliwatembelea tu? Na ikiwa aliwapenda, je, hakuwaibia ndugu zake sehemu ya moyo wake?

Jambo hili lilitokea hapa kwetu Kongo. Mwaka 1961 Rais John Kennedy wa Marekani alianzisha idara iitwayo Peace Corps, ili Wamarekani wajitoe kwenda kusaidia mataifa mengine. Walifanya kazi katika Kongo, ambayo mwaka 1971 ilipewa jina la Zaire, tangu 1970 hata 1991. Wengine walifundisha shuleni. Wengine walizunguka vijijini wakionyesha jinsi ya kuchimba mabwawa na kufuga tilapia. Kwanza walijifunza lugha na kazi kwa miezi michache, kisha wakatumika miaka 2. Walipewa posho ya kuishi, na fedha kidogo iliwekwa akiba kwa siku ya kurudi kwao.

Mmoja wao, Mike Tidwell, alikaa Kalambayi katika Kasai tangu 1985 hata 1987, na kitabu chake juu ya mabwawa ya huko kilitoka mwaka 1990. Alisimulia habari ya mtu aliyechimba bwawa kwa jasho lake mwenyewe, akalisha samaki miezi mingi. Siku ya mavuno jamaa walifika, naye akawagawia samaki wengi sana. Mwalimu wa samaki alikasirika, maana hesabu yake iliharibika: faida iko wapi? Baadaye akafahamu kwamba watu hawa hawakukosa akili. Walijua kwamba asiyegawa hawezi kukaa vema kati ya ndugu zake. (Kweli, hata yeye mwenyewe angelikula nini kijijini, kama watu wasingalijua kugawa?) Basi aliyekuja kufundisha alifundishwa, na aliyekuja kutoa alirudi na deni.

Sasa mfikirieni kijana wa namna hii siku anapofika kwao. Mama yake anamkumbatia, meza imejaa chakula. Anaingia katika duka, anaona vyakula vya namna mia, na moyo wake unakuwa mchungu. Hapo anajaribiwa kuwakemea watu wa nyumbani: “Kule watu wana kidogo nao hugawana, ninyi mna vingi nanyi mnafunga milango!” Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini linamjeruhi mama aliyemngoja miaka 2. Tena linawageuza watu wa Kasai kuwa malaika. Nani kati yenu hajui ugomvi wa mpaka wa shamba? Ampendaye mtu kweli humpenda pamoja na ugomvi wake. Wengine huanguka upande wa pili: ili kuwafurahisha wasikilizaji, husimulia njaa na nyoka tu, watu wakacheka. Huyu amewauza wenyeji wake kwa kicheko.

Sheria ya mwaka 1961 iliyoweka idara ile ilikwisha kuliona jambo hili. Kati ya makusudi yake 3, moja ni kwamba Wamarekani nao wapate kuwafahamu vema mataifa mengine. Maana yake, kurudi nako kulihesabiwa kuwa kazi. Mwenye kurudi hatoki katika utumishi. Anabadili tu watu wa kuwatumikia, na chombo chake sasa ni ulimi wa kweli.

Linabaki swali gumu kuliko yote. Mwezi wa Septemba 1991 askari wa Kinshasa waliasi, mali za watu zikaporwa, ghasia zikaenea katika miji mingine. Wageni wengi waliondolewa katika nchi, na watu wa Peace Corps pamoja nao. Wenyeji hawakuwa na ndege ya kuwaondoa. Mtu mmoja atauliza: upendo wenye mlango wa kutokea, ni upendo gani huo?

Jawabu si jepesi. Yafaa kukiri kwamba upendo huo haulingani na wa yule asiyeweza kuondoka, ambaye aliona ghasia zile kisha asubuhi akachukua jembe lake. Mgeni akijihesabu sawa naye, anajidanganya. Lakini mlango kuwa wazi hakumfanyi mtu kuwa mwongo. Yule aliyekaa miaka 2 mlango ukiwa wazi kila siku, alichagua kila siku kukaa. Lililo baya ni kusahau kwamba mlango ulikuwepo, kisha kudai sifa mbele ya wale wasiokuwa nao.

Wenyeji nao wana la kuamua. Mzee aliyefundishwa kufuga samaki anaweza kuketi karibu na bwawa akasema: “Yule alitutupa.” Anaweza pia kumtaja mgeni wake kwa jina kila anapovua, na kumwekea sehemu yake katika maneno, kama mama wa ziwani anavyomtaja binti yake aliye milimani kila ndagala wanapoanikwa.