Ngumi ya Mwanafunzi Yatoka Wapi?



Wanafunzi wawili wakipigana, sisi hukimbilia bakora. Twamchapa aliyeanza, twamchapa na aliyerudisha, kisha twadhani tumekwisha kuwafunza. Yafaa kwanza tujiulize: ngumi ile wameipata wapi?

Tutazame Bomani, kata ya mji wa Tarime, mkoani Mara. Katika nchi ile koo za Wakurya zimepata kupigana mara nyingi kwa ajili ya ardhi na ng'ombe, hata Tarime na Rorya zikafanywa kanda maalumu ya polisi. Na kijana wa Kikurya akishatahiriwa huhesabiwa mwanamume. Basi wa miaka 15 akitukanwa mbele ya wenziwe darasani, kinachomsukuma si chuki peke yake. Ni khofu ya kuitwa mwoga.

Wala tusiseme kuwa hayo ni ya watu wa bara. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, Zanzibar ikiwamo, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikwisha kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na wapigaji wengi walikuwa jamaa na walimu wao. Na mwaka 1961, huko Marekani, Albert Bandura aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere. Walipoachwa naye, wengi wao walimpiga vivyo hivyo, wala hapana aliyewaamrisha.

Mtu atasema: samaki mkunje angali mbichi. Naam, lakini kukunja si kuvunja. Bakora huzima ugomvi wa leo, na papo hapo humfundisha kijana kuwa mwenye nguvu akighadhibika hupiga. Sisi walimu wa vyuo tumkumbuke Anas bin Malik: alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu utotoni, na amesimulia kuwa hakupata kusikia kwake hata neno la kuudhika.

Basi tufanyeje? Tuwatenganishe, tuwakalishe mpaka ghadhabu ishuke, tumwulize kila mmoja alichokiogopa. Aliyeumiza mwenziwe amtake radhi na atengeneze alichoharibu. Na aliyejizuia asifiwe mbele ya darasa zima, kwani Mtume ametufunza kuwa mwenye nguvu khasa ni aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Aibu ya mbele ya wenziwe ndiyo iliyomtia kijana vitani. Heshima ya mbele ya wenziwe ndiyo itakayomtoa.

Ewe mzazi, usiku wa leo mwanao akikuudhi, ujue kuwa yuatazama mkono wako.