Vyakula Tulivyovijua Ukubwani

Wazee walinena: samaki mkunje angali mbichi. Sisi walimu twaipenda mithali hiyo, kwa kuwa ndiyo msingi wa kazi yetu: mtoto hufunzwa mapema, na alichofunzwa humkaa. Lakini liko jambo moja laelekealo kuikaidi mithali hiyo, nalo ni la mezani. Watu wazima wengi, wakiulizwa chakula wakipendacho kuliko vyote, hutaja kitu ambacho hawakukila utotoni. Pengine hata kitu walichofunzwa kukionea kinyaa.

Hapa Uganda mifano haikosekani. Mtu aliyelelewa kwa matoke katika nchi ya Buganda, ahamishiwapo Mbale kikazi, hukaribishwa malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Siku ya kwanza husema amelishwa kuni. Mwaka wa pili huwaagiza wasafiri wamletee. Naye mtu wa kaskazini, ambaye kumbikumbi kwake ni kitoweo tangu utotoni, huweza kufika Masaka mwezi wa Novemba, msimu wa senene, akashtuka kuona watu wanakula wadudu. Msimu wa pili haupiti kabla hajauliza bei.

Basi yafaa tujiulize: mtu huyo apendapo leo alichokitema jana, ni kipi kilichobadilika? Chakula ni kile kile, na ulimi ni ule ule. Hapana budi tuseme kwamba ule ubaya aliouonja mwanzo haukuwamo chunguni. Alikuja nao kutoka kwao. Kinyaa huzungumza kama shahidi aliyeona kwa macho, ilhali mara nyingi hurudia tu yale kilichoyasikia kwa wakubwa.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba kila kabila lina chakula chake. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana chakula cha nyumbani ni sehemu ya utu wa mtu. Lakini na tutazame mila hiyo ilikotoka. Karanga, mahindi, muhogo, viazi vitamu na maharage asili yake ni Amerika. Havikujulikana katika nchi zetu kabla ya mabaharia wa Ulaya kuanza kuivuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Ndizi nazo, ambazo Mganda akizikosa husema hajala, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa zilifika zamani zaidi. Basi kila zao kati ya hayo lilifika siku moja mbele ya mtu mzima ambaye mama yake hakupata kulipika. Mtu huyo alilitazama, akasita, akaonja, ndipo akawalisha wanawe. Tukiitacho leo chakula cha mababu kilikuwa, kwa babu mmojawapo, chakula cha ukubwani. Lau angaliishika mila kwa namna tunayohimizwa kuishika, mila hiyo isingalikuwapo.

Hata hivyo haifuati kwamba kila akataaye chakula ni mjinga. Kukataa ni kwa namna tatu, na si haki kuzichanganya. Kwanza kuna kukataa kwa mazoea, ambako tumekwisha kukutaja. Pili kuna kukataa kwa ahadi. Mwislamu haachi nguruwe kwa sababu ya ladha yake. Wala mtu wa ukoo wa Nsenene katika Buganda haachi senene kwa kinyaa, bali kwa kuwa ndio mwiko wa ukoo wake, na kwa kujizuia huko hukumbuka yeye ni nani na nduguze ni akina nani. Kumshawishi mtu kama huyo aonje kidogo ni utovu wa adabu, kwa maana swali lake halijibiwi kwa ulimi.

Tatu kuna kukatazwa kwa faida ya mwingine. Katika Buganda ya zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku, wala mayai, wala nyama ya kondoo. Senene waliwakusanya wao, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawapika, wakawaandalia waume zao, kuonja hawakuonja. Huenda wengi wao walisema, na kwa moyo mweupe, kwamba hawavipendi vyakula hivyo. Mwanamke aliyevionja kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima aliupata utamu, na pamoja na utamu akapata sababu ya kuuliza ni mambo gani mengine aliyoambiwa kwamba hayamfai.

Kwa nini haya yatuhusu sisi walimu? Katika shule zetu za bweni watoto wa kila wilaya huketi meza moja, na matusi ya kwanza wanayotupiana aghalabu ni ya chakula: huyu ni mla panya, yule ni mla wadudu. Mtoto asemaye hivyo ametoka chunguni akafika kwenye utu wa mwenzake kwa hatua moja, wala hapana aliyemwonyesha ukubwa wa hatua hiyo. Tukinyamaza, atakua nayo. Na siku moja ataitumia kuamua nani aajiriwe, nani aolewe, na nani afukuzwe kijijini. Nasi twaijua hali hiyo kwa njia nyingine, kwani twafundisha lugha ambayo wengi katika nchi hii waliichukia kabla ya kuijua, kwa kuwa waliisikia kwanza kinywani mwa askari.

Hatusemi kila mtu akipende kila kitu. Mtu aweza kuyaonja malewa mara kumi asiyapende, na hana deni kwa yeyote. Adaiwalo ni dogo zaidi, ingawa ni gumu: asiseme "ni kibaya" pale impasapo kusema "sijakizoea". Tofauti ya maneno hayo yaweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha Kiswahili, nasi twawaomba walimu wenzetu waijaribu, ikiwezekana katika kipindi kile kitanguliacho kengele ya chakula cha mchana.