Tairi Kubwa, Mzigo wa Nani?

Ndugu msomaji, nina swali. Mtu ana pikapu yake, kadi ya gari ina jina lake, pesa kaitafuta mwenyewe kwa jasho. Je, ana haki ya kuifanya atakavyo? Nasema atakavyo, yaani hata kuivua matairi iliyotoka nayo kiwandani, kuivisha mengine makubwa na kuiinua juu, mpaka mtoto wa darasa la kwanza asimame mbele ya boneti na dereva asimwone?

Swali hili nimelipeleka kijiweni mara nyingi, na jibu halibadiliki: "Mali yake, bwana. Wewe inakuuma nini?"

Jibu hilo lina nguvu na sitaki kulidharau. Sisi vijana ndio wa kwanza kung'aka wazee wanapotuingilia kwenye nywele na suruali zetu. Tunasema mwili wangu, pesa yangu, maisha yangu. Basi tukimkataza mwenye pikapu, si tutakuwa tumegeuka wazee wale wale? Kwa hiyo hoja ya "mali yake" lazima ijibiwe kwa hoja. Kusema tu kwamba jamaa anauza sura hakutoshi. Kuuza sura siyo jinai, na wangapi kati yetu tungesalimika ingekuwa jinai?

Kabla ya kujibu, twende gereji. Chukua Toyota Hilux, pikapu tunayoijua wote. Matairi yake ya kawaida yana kipenyo cha inchi 30 hivi. Mwenyewe anataka ya inchi 38. Fundi hawezi kufungua nati, akafunga mapya, akapewa chake. Kwanza hayaingii. Inabidi gari liinuliwe, na madigadi yakatwe ili tairi lisisage bati wakati wa kukata kona. Ekseli nayo inapanda inchi 4, yaani sentimita 10. Kisha gari linakuwa zito kuondoka, kwa hiyo meno ya difu yabadilishwe, mbele na nyuma. Breki zile zile sasa zinashindana na gurudumu kubwa na zito zaidi, na gari linachelewa kusimama. Beringi na viungo vya stelingi vinabeba mzigo ambao havikutengenezewa. Na spidimita isiporekebishwa inadanganya: inasoma 80 wakati gari linakwenda 101, kwa sababu kila mzunguko wa gurudumu sasa unakula barabara ndefu zaidi.

Ona sasa. Tamaa ilikuwa moja, tairi. Madeni yamekuwa mengi. Fundi mwaminifu atakuorodheshea yote. Fundi mwenye njaa atakuinulia gari na kukuachia breki za zamani, na mteja aliyeishiwa atamjibu, "Hayo mengine tutamalizia mwezi ujao." Mwezi ujao haufiki. Kinachoonekana hulipiwa kwanza, kisichoonekana husubiri. Mimi naona maadili ya jambo hili yanaanzia hapo, kwenye yale yaliyoahirishwa.

Wapo watakaosema suluhisho ni rahisi: tairi kubwa likiwa la lazima ni halali, likiwa la fahari ni haramu. Nami nilivutwa na jibu hili, lakini mifano inalikataa.

Twende kwanza Iceland, kisiwa cha kaskazini chenye bamba la barafu liitwalo Vatnajökull, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 7,000. Huko mafundi wamezivisha pikapu kama Hilux matairi ya inchi 38, hata 44. Siri yake ni upepo. Barabarani tairi la pikapu hujazwa paundi 30 hivi. Kwenye theluji laini hupunguzwa mpaka paundi 3 au 4, likalala kama unyayo wa ngamia mchangani, uzito ukatawanyika na gari likapita juu badala ya kuzama. Mtu akikwama kule, kuna wa kumfuata. Huyo ukimwambia anaringa, utakuwa hujui baridi.

Sasa vuka bahari uje Missouri, Marekani. Miaka ya 1970 mtu mmoja aitwaye Bob Chandler, mwenye duka la vifaa vya magari ya aina hii karibu na St. Louis, alianza kuikuza pikapu yake ya Ford F-250 ya mwaka 1974. Aliipa jina Bigfoot. Mwaka 1981 aliipandisha juu ya magari mabovu shambani, ikayaponda, na mchezo mzima wa pikapu majitu ukashika kasi. Mwaka 1986 wakaunda nyingine, Bigfoot 5, yenye matairi ya futi 10, yaliyotoka kwenye msafara wa magari makubwa ya jeshi la Marekani. Futi 10, jamani! Ni kimo cha nyumba ya chumba kimoja. Lazima iko wapi hapo? Hakuna. Ni furaha tupu. Lakini mimi siwezi kumhukumu mtu kwa furaha. Gari la namna hiyo hucheza uwanjani, dereva kajifunga mikanda, watazamaji wamelipa kiingilio na wanajua wamekuja kuona nini.

Jirani zetu Kenya wamekwenda mbele zaidi. Mashindano yao ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989, huwapeleka watu porini na magari yaliyoimarishwa, wakitafuta njia fupi kuliko zote kati ya kituo na kituo, makorongo yawemo yasiwemo. Fedha zilizochangwa zilisaidia kujenga uzio wa kuzunguka hifadhi ya Aberdare, kilometa 400 hivi, uliokamilika 2009. Mchezo umezaa uzio. Kwa hiyo fahari peke yake haina hatia.

Na lazima je, ina usafi? Hebu njoo kwetu. Nenda kwenye njia ya vumbi isiyofikiwa na basi, utaikuta pikapu iliyoongezwa springi nyuma ili ibebe magunia, na juu ya magunia watu, na juu ya watu kuku. Hakuna anayeuza sura hapo. Mwenye gari ana watoto wa kusomesha, abiria wana wagonjwa wa kufikisha hospitali. Ni lazima tupu. Ila breki ni zile zile za mzigo mdogo, na siku ya mteremko atakayelipa ni mama aliyekaa juu ya gunia, ambaye hakuulizwa kuhusu springi.

Ndiyo maana nimefika hapa: lazima na fahari havitupi mstari. Mstari naupata kwa swali jingine: mzigo wa ukubwa huu anaubeba nani? Mtu wa Iceland anaubeba mwenyewe, kwa mafuta, kwa difu mpya, kwa usiku wake kwenye barafu. Wa Missouri anaubeba uwanjani, pamoja na waliokubali. Lakini yule wa mjini mwenye matairi ya inchi 38 na breki za mwezi ujao amewagawia watu wasiomjua. Taa zake zilizopanda juu zinampiga machoni dereva wa gari dogo. Bampa lake likigonga linaruka bampa la mwenzake na kukutana na mlango. Na yule mtoto mbele ya boneti, anayevuka kwenda shule, ndiye mchangiaji mkubwa kuliko wote na hajui kama amechangishwa.

Basi kijiwe nakijibu hivi. Gari ni lake, kweli. Barabara siyo yake. Uhuru wa nywele zangu unaishia kichwani kwangu, hauchelewi kusimama penye kivuko. Anayetaka ukubwa achukue na madeni yake yote, mpaka lile la mwisho lisiloonekana, au aupeleke ukubwa wake mahali ambapo kila aliyepo amekubali kuwepo.

Siandiki haya kwa wenye pikapu peke yao, maana wengi wetu hapa hata baiskeli hatuna. Lakini kila mmoja wetu ana kitu anachotamani kukikuza: jina, sauti, sherehe ya harusi, hata insha. Nasi tuandikao twajua kufunga maneno ya inchi 44 kwenye wazo lenye breki za baiskeli. Siyo dhambi kutaka kuwa mkubwa. Ila siku ukienda kwa fundi wako, awe fundi wa magari au wa maisha, anza na breki. Halafu nenda ukasimame mbele ya boneti, uchuchumae mpaka ufikie kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na utazame juu. Ukimwona dereva, weka tairi lako. Usipomwona, bado una kazi.